Motokari za Kuchezea: Mashahidi wa Siku za Kale

Watu wengi wakiona mtoto anasukuma motokari ndogo mchangani, hupita bila kuangalia. Husema: Ni mchezo tu. Lakini katika nchi nyingi wako watu wazima, tena wenye elimu, ambao huvitafuta vichezeo vya zamani, huvinunua kwa fedha nyingi, huviweka katika makabati ya vioo, hata kuandika vitabu juu yake. Je, wamerudi utotoni? Sivyo. Wao wajua kwamba motokari ya kuchezea iliyotengenezwa miaka 60 au 90 iliyopita yaweza kutueleza habari za motokari ya kweli ambayo iliigwa, na ambayo labda imekwisha kuoza porini au kuyeyushwa kiwandani.

Katika makala hii twataka kuziweka hizo mbili pamoja, ile ndogo na ile kubwa, tuone zinafanana wapi na zinaachana wapi. Tutafanya kama wazee wanaosikiliza shauri barazani. Shahidi akija, wazee hawamkatai mara moja, wala hawamsadiki mara moja. Kwanza humwuliza: Wewe mtoto wa nani? Siku ile ulikuwa wapi? Uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Basi na sisi tumwulize shahidi wetu huyu mdogo.

WALIOANZA KAZI HIYO

Tuanze Marekani. Katika mji wa Chicago walikuwako ndugu wawili wa jamaa ya Dowst. Mwaka 1893 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji huo, na huko iliweza kuonekana mashini mpya ya kusubu herufi za kupigia chapa. Kusubu ndiko kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu mpaka yagande na kuchukua umbo lake. Wakina Dowst wakatambua kwamba mashini isubuyo herufi yaweza kusubu vitu vingine vidogo pia. Wakaanza na vifungo na mapambo. Mwaka 1911 wakatoa motokari ndogo, na baada ya miaka michache wakaiga Ford T, ile motokari ya Marekani iliyotengenezwa toka 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15. Vichezeo vyao vilikuja kuitwa Tootsietoy.

Huko Uingereza, katika mji wa Liverpool, palikuwa na bwana mmoja jina lake Frank Hornby. Mwaka 1901 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, yaani vipande vya chuma vyenye matundu ambavyo mtoto aliweza kuviunga kwa skrubu na kujenga daraja au mashini ya kuinulia mizigo. Baadaye alitengeneza magari moshi ya kuchezea. Sasa wateja wakaona upungufu: stesheni ipo, reli ipo, lakini barabarani hapana kitu. Basi mwezi wa Desemba 1933 kiwanda chake kikatoa vitu sita: motokari mbili, kamio moja, gari la kupelekea bidhaa, trakta na kifaru cha vita. Vyote sita viliuzwa kwa shilingi 4 za Kiingereza. Mwaka uliofuata vikapewa jina la Dinky Toys.

Hao sita wa kwanza hawakuiga motokari yoyote yenye jina. Mtu hawezi kusema: Hii ni Ford, au hii ni Austin. Zilikuwa motokari tu. Lakini watoto wana macho makali. Walijua majina ya motokari zipitazo barabarani, nao wakataka kuzipata zizo hizo. Hivyo kiwanda kikalazimika kufuata ukweli zaidi na zaidi.

Baada ya vita kuu ya pili wakaja wengine. Tarehe 19 Januari 1947 wanaume wawili waliokuwa rafiki, Leslie Smith na Rodney Smith, walianzisha kazi yao huko London, katika nyumba ya zamani iliyokuwa kilabu cha pombe. Ijapokuwa wote wawili waliitwa Smith, hawakuwa ndugu. Walichukua sehemu ya jina la mmoja na sehemu ya jina la mwingine, wakaita kampuni yao Lesney. Fundi wao mkuu alikuwa Jack Odell. Mwaka 1948 walitoa kichezeo chao cha kwanza: mashini ya kushindilia barabara, mfano wa zile zilizotengenezwa na Aveling-Barford.

Odell alikuwa na binti mdogo. Shuleni kwake watoto waliruhusiwa kuja na kichezeo kinachoingia ndani ya kisanduku cha kiberiti, si zaidi. Baba akamtengenezea mashini ya barabara ndogo sana ya shaba nyeupe. Watoto wenzake wakaitamani wote. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Matchbox, maana yake kisanduku cha kiberiti, na mwaka 1953 vichezeo hivyo vikaanza kuuzwa. Vilipewa namba, na mwaka 1960 hesabu ikafika 75.

Wa mwisho tutakaowataja ni Corgi. Philipp Ullmann, Myahudi wa Ujerumani, alikimbia utawala wa Hitler, akaanzisha kiwanda kipya Uingereza katika mji wa Northampton mwaka 1933. Mwaka 1956 kampuni yake ikatoa motokari za Corgi, zilizofanyizwa huko Swansea katika nchi ya Wales. Kabla yao vichezeo vingi vilikuwa na matundu matupu mahali pa madirisha. Corgi wakaweka vioo vya plastiki. Jambo dogo, lakini wengine wote wakalazimika kuwafuata.

KAZI YA KIWANDANI

Kichezeo cha namna hiyo hufanyizwaje? Kwanza kampuni hupata michoro ya motokari ya kweli kutoka kwa wenyewe walioiunda, au hupeleka mafundi kuipima na kuipiga picha pande zote. Kisha fundi huchonga mfano wa mti, mkubwa kuliko kichezeo kitakachotoka. Kwa nini mkubwa? Kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kuchonga vizuri kishikio cha mlango kilicho kidogo kama punje ya ulezi. Halafu chombo chenye mikono miwili huufuata mfano ule: mkono mmoja wapita juu ya mti, na mkono wa pili unachimba umbo lile lile, lakini dogo, ndani ya kalibu ya chuma kigumu.

Kalibu ikiwa tayari, madini yaliyoyeyuka husukumwa ndani kwa nguvu sana. Baada ya nukta chache yameganda. Kalibu inafunguliwa, kichezeo kinaanguka, kazi inaendelea. Kisha hukatwa makombo, huoshwa, hupakwa rangi, hutiwa magurudumu, na bamba la chini hufungwa kwa misumari ya kupondwa.

Na madini yenyewe? Ni zinki. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko huo, karibu kilo 96 ni zinki, na nyingi ya zile zinazobaki ni aluminiamu. Wasomaji wetu wa Katanga hawahitaji kufundishwa zinki ni nini, kwa kuwa mgodi wa Kipushi umejulikana kwa shaba na zinki tangu zamani za Wabelgiji. Mgodi huo ulisimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Hatusemi kwamba motokari fulani ya Liverpool ilitoka Kipushi. Twasema tu kwamba madini ni yale yale. Zinki yapendwa kwa kazi hii kwa sababu huyeyuka kwa moto usio mkali sana, kama digrii 400 hivi, nayo huingia katika kila pembe ya kalibu.

Kalibu ni kitu cha bei kubwa. Tukumbuke neno hili, kwani litatusaidia kufahamu uongo mwingi wa vichezeo.

SHAHIDI AKISEMA KWELI

Sasa tumwite shahidi. Kwanza mgeuze juu chini, umtazame tumboni. Huko mara nyingi ameandikwa jina la kiwanda, nchi yake, na hata jina la motokari iliyoigwa. Ni kama hati ya ubatizo: yasema umetoka wapi na u mtoto wa nani.

Chukueni mfano wa Land Rover, ambayo wazee wetu wengi waliijua katika barabara mbaya za misioni na za serikali. Ile ya kweli ilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Katika miaka ile Uingereza ilikuwa maskini baada ya vita. Chuma cha mabamba kilikuwa haba, kikagawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ya Land Rover ikafanyizwa kwa aluminiamu. Hata rangi haikuchaguliwa kwa uzuri: zilipakwa kijani, kwa kuwa rangi hiyo ilikuwa imebaki nyingi katika akiba ya jeshi. Mwaka 1955 Matchbox wakatoa Land Rover yao, namba 12. Ni ndogo kama kidole gumba, ni ya kijani, haina paa, na dereva amekaa ndani. Mtu asiyeona Land Rover ya siku zile, akiitazama hii atajua sawasawa jinsi ilivyokuwa: pande zake zimenyooka kama sanduku, haina pambo lolote, ni chombo cha kazi tu.

Tena vichezeo navyo vilionja umaskini ule ule. Wakati wa vita ya Korea, iliyoanza mwaka 1950, serikali ya Uingereza ilizuia zinki isitumike kwa vichezeo, kwa kuwa ilitakiwa kwa kazi za vita. Kumbe motokari kubwa ilikosa chuma, na ndogo ilikosa zinki. Zote mbili zatueleza habari ya nchi ile ile katika miaka ile ile.

Lakini ushuhuda wa ajabu kupita wote ni wa gari la kifalme. Hilo si motokari. Ni gari la dhahabu lililofanyizwa mwaka 1762 kwa mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Lina uzito wa karibu tani 4 na huvutwa na farasi wanane. Lesney walianza kutengeneza mfano wake, na ndani yake waliweka sanamu mbili, mfalme na malkia wamekaa pamoja. Kazi ikacheleweshwa na marufuku ile ya zinki. Halafu, tarehe 6 Februari 1952, mfalme George wa Sita akafa. Binti yake Elizabeth akatawazwa tarehe 2 Juni 1953, na watu wengi walitaka ukumbusho wa siku hiyo. Lesney wafanye nini? Kufanyiza kalibu mpya ni gharama kubwa. Basi wakaikata sanamu ya mfalme katika kalibu ya zamani, lakini waliikata kiunoni. Ukichungulia ndani ya gari lile, utaona malkia peke yake, na kando yake miguu ya mtu asiyekuwako.

Lile gari kubwa lilifuatwa na dogo zaidi, nalo likauzwa zaidi ya milioni moja. Fedha hiyo ndiyo iliyowawezesha Lesney kuendelea mbele na Matchbox. Lakini sikilizeni vema neno la shahidi. Asema: Malkia alipanda peke yake. Hapo si kweli, kwa maana katika gari la kweli mumewe Filipo alikaa pamoja naye siku ile. Papo hapo, bila kujua, asema neno la kweli ambalo hakuulizwa: kwamba mfalme alikufa kazi ikiwa katikati, na kwamba mafundi walikuwa na haraka na hawakuwa na fedha. Miguu ile miwili yaeleza habari ya mwaka 1952 kuliko kurasa nyingi.

SHAHIDI AKIDANGANYA

Tusidhani kwamba yote ni kweli. Shahidi wetu ana uongo wake, na ni vema kuujua.

Uongo wa kwanza ni wa vipimo. Wengi wa Dinky na Corgi walijaribu kupunguza motokari zote kwa kipimo kimoja, mara 43 au karibu yake. Hivi motokari yenye metri 4 ikawa na sentimetri 9 na zaidi kidogo. Lakini Matchbox walikuwa watumwa wa kisanduku chao. Kila kitu kilipaswa kuingia. Basi la London la ghorofa mbili, lile lililoitwa RT, lilikuwa na urefu wa karibu metri 8. Mfano wake, namba 5 ya mwaka 1954, una sentimetri 5 tu: limepunguzwa zaidi ya mara 150. Motokari ndogo ya MG ilikuwa na metri 3 na sentimetri 68. Mfano wake, namba 19 ya mwaka 1956, nao una sentimetri 5: imepunguzwa karibu mara 70. Ukiviweka vyote viwili mezani, motokari ya watu wawili yalingana na basi linalochukua watu zaidi ya 50. Mwanahistoria atakayetaka kujua urefu kwa kupima Matchbox, atapotea kabisa.

Uongo wa pili ni wa rangi. Mwaka 1964 ilitoka sinema ya James Bond iitwayo Goldfinger, na ndani yake motokari ya Aston Martin DB5 yenye hila nyingi za kivita. Ile ya sinema ilikuwa na rangi ya fedha. Mwaka 1965 Corgi wakaiga. Paa lake hufunguka na kiti kinamrusha mtu nje, bunduki mbili hutokeza mbele, na ngao huinuka nyuma kuzuia risasi. Watoto wakaipigania madukani. Lakini rangi yake ni ya dhahabu! Kwa nini? Kwa sababu wenye kiwanda waliogopa kwamba motokari ya rangi ya fedha itaonekana kama zinki tupu ambayo haijapakwa rangi, na wanunuzi watasema kazi haijakwisha. Wakachagua dhahabu. Mwaka 1968 tu ndipo walipotoa nyingine yenye rangi ya haki. Tena ile ya kwanza ilitokana na kalibu ya motokari iliyotangulia, DB4, iliyotolewa mwaka 1960. Mnaona: kalibu ni ghali, basi hugeuzwa kidogo tu na kutumiwa tena.

Uongo wa tatu ni wa nyongeza. Katika Afrika ya Mashariki, mwaka ule ule wa 1953 wa kutawazwa kwa malkia, yalianza mashindano ya motokari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa heshima ya siku hiyo yaliitwa Safari ya Kutawazwa. Njia zilikuwa za vumbi na matope, na motokari nyingi hazikufika mwisho. Volkswagen, ile yenye mgongo kama kobe, ilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Mwaka 1965 Corgi wakatoa Volkswagen ya mashindano hayo, nyekundu, yenye namba 18. Juu ya paa wameweka gurudumu la akiba, na ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanageuka. Mpaka hapa twaweza kufurahi: sifa ya barabara zetu za Afrika ilifika hata madukani kwa Wazungu. Lakini ndani ya sanduku lake wametia na kifaru wa plastiki. Kifaru hakushindana na mtu! Waliwaza kwamba mtoto wa Ulaya hatasadiki kwamba hii ni Afrika asipoona mnyama. Hapa shahidi hatuelezi habari za Afrika. Atueleza mawazo ya Wazungu juu ya Afrika. Ni habari pia, ila ni nyingine.

Uongo wa nne ulitoka kwa mashindano ya biashara. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa Hot Wheels, motokari ndogo zenye ekseli nyembamba zilizokimbia mbio kuliko nyingine zote. Watoto wakaziacha Matchbox. Kuanzia mwaka 1969 Lesney nao wakaanza kutia magurudumu ya mbio katika vichezeo vyao, na hatimaye hata makamio na magari ya kuzimia moto yakapata magurudumu kama ya motokari za mashindano. Fundi aliyekuwa amechonga kwa uangalifu kila msumari wa kamio, sasa kazi yake ilitembea juu ya magurudumu ambayo hakuna kamio duniani lililokuwa nayo.

SHAHIDI AKIBAKI PEKE YAKE

Pengine kichezeo huishi kuliko kile ilichokiiga. Mwaka 1934 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa motokari iitwayo Airflow, yenye umbo la mviringo ili ipasue upepo. Watu hawakuipenda, wakasema ni mbaya machoni. Mwaka 1937 ikakoma. Lakini Dinky walikuwa wamekwisha kuiga umbo lake, na kalibu yao ilikuwa nzima. Baada ya vita waliitoa tena ile Airflow ndogo, wakati ile kubwa ilikuwa imesahauliwa na watu wengi.

Tena hesabu za vichezeo zinashangaza. Aston Martin DB5 za kweli zilikuwa zaidi kidogo ya 1,000 tu. Zile za dhahabu za Corgi ziliuzwa zaidi ya milioni 2. Katika sinema nyingine ya James Bond, ya mwaka 1967, ilionekana Toyota 2000GT isiyo na paa. Za namna hiyo zilifanyizwa mbili tu, kwa ajili ya sinema ile, kwa sababu mchezaji mwenyewe, Sean Connery, alikuwa mrefu mno kwa motokari yenye paa. Lakini Corgi wakaiga, na watoto wengi mno wa nchi nyingi wakawa nayo mikononi. Mtu angehesabu vichezeo tu, angedhani kwamba barabara za siku zile zilijaa motokari hizo. Kumbe mtu aliweza kuishi miaka 80 asiione hata moja. Basi tusiseme: Kichezeo ni kingi, kwa hiyo kitu chenyewe kilikuwa kingi. Wingi wa vichezeo waonyesha yale ambayo watu walitamani, si yale waliyokuwa nayo.

UGONJWA WA ZINKI

Mashahidi wengi wamekufa kwa ugonjwa wao wenyewe. Mwenye Dinky ya miaka ya 1930 aweza kufungua kabati lake siku moja akaona nyufa ndogo juu ya boneti. Mwaka unaofuata magurudumu yamevimba. Baadaye akiigusa, inavunjika kama mkate mkavu. Haikuanguka, wala hakuna mtu aliyeipiga.

Sababu yake ilijulikana baada ya uchunguzi mwingi. Zinki inayotumika kwa kusubu lazima iwe safi kabisa. Risasi kidogo sana ikiingia ndani ya chungu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, hukaa katikati ya punje za madini. Halafu unyevu wa hewa hufanya kazi yake polepole, mwaka hata mwaka, mpaka madini yanavimba na kupasuka. Kiwandani hapakuwa na dalili yoyote: kichezeo kilitoka kizuri, kinang'aa, kikanunuliwa. Kosa la siku moja lilionekana baada ya miaka mingi. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilikuwa imekwisha kutoa mchanganyiko mpya uliotaka zinki safi kwa asilimia 99.99, lakini si viwanda vyote vilivyoangalia usafi huo kwa bidii. Baada ya vita mambo yakatengenea, na ndiyo sababu vichezeo vya miaka ya 1950 vingi ni vizima hata leo.

Tuongeze neno moja kwa wazazi. Rangi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kichezeo cha zamani kilichopakwa rangi kisiwekwe mikononi mwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

MWISHO WA VIWANDA VILE

Viwanda hivyo vitatu vya Uingereza vilianguka karibu pamoja. Kile cha Dinky huko Liverpool kilifungwa mwezi wa Novemba 1979. Lesney walifilisika mwaka 1982. Wenye Corgi wakafuata mwaka 1983. Kazi kwa mikono ya Waingereza ilikuwa imekuwa ghali, vichezeo vya plastiki vilikuwa rahisi, na nchi za Asia ziliuza kwa bei ndogo. Majina yalinunuliwa na wengine, na hata leo vitu vyauzwa kwa jina la Matchbox, ambalo sasa ni mali ya Mattel, wale wale waliowasumbua kwa Hot Wheels.

NA KWETU JE?

Watoto wetu hawakungoja Liverpool wala London. Katika vijiji na mitaa yetu, toka zamani, mtoto huokota nyaya, makopo, vifuniko vya chupa na vipande vya kandambili, naye hufanyiza motokari yake mwenyewe, yenye usukani mrefu wa fimbo ili aiendeshe akiwa amesimama. Hana kalibu wala michoro. Ana macho tu. Aliona kamio likipita, akalishika moyoni, akalikunja kwa waya. Huyu ndiye shahidi aliyeona kwa macho yake, si kuambiwa.

Naye pia aweza kuulizwa maswali yale yale. Ameiga motokari gani? Kwa nini ametia vioo viwili virefu kando? Kwa nini nyuma kuna mlango mmoja tu? Mara nyingi utaona kwamba ameweka alama za namna fulani ya kamio, hata mtu mzima hakuziangalia. Ila tofauti moja ni kubwa. Dinky ina jina na nchi yake tumboni, na mtu ameihifadhi kabatini. Motokari ya waya haina maandiko. Mtoto akikua, huachwa nyuma ya nyumba, mvua inanyesha, kutu inakula, na ushuhuda wake umekwisha. Makamio na motokari za barabara zetu za zamani, nani ataeleza jinsi zilivyokuwa?

Basi twawaomba ninyi wazazi na walimu jambo moja lisilo na gharama. Mtoto akifanyiza motokari nzuri ya waya, msiitupe. Wekeni moja katika nyumba au katika darasa. Fungeni juu yake karatasi ndogo yenye jina la mtoto, mwaka, kijiji, na jina la motokari aliyoiiga. Na kama yuko babu aliyekuwa dereva au fundi, mketisheni mbele ya kichezeo kile, mwulizeni: Ilikuwa hivi? Atasema: Hapa sawa, hapa mmekosea. Yaandikeni maneno yake upesi, maana babu naye hatakaa siku zote.